Nani Atamnywesha Guruji

Jumatatu, 4 Machi

Ameanza kweli! Baba Medha amejilaza kwenye godoro mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, kofia yake nyeupe kichwani. Ametangaza hatakula kitu mpaka mitambo ya kuchimba mchanga itoke mtoni. Visima vya kijijini kwetu vimebaki tope tupu. Na ni mume huyuhuyu aliyeninunia juzi kisa dengu hazikukolea chumvi! Nataka kujua — hiyo njaa anaiweka wapi?

Alhamisi, 7 Machi

Wanamwita Guruji, mwalimu wao, wanainama kumgusa miguu. Wengi walimjua jukwaani, akiigiza wafalme. Wanamtazama vilevile leo, kana kwamba pazia litashuka kila mtu aende zake kula.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, unajisikiaje? Akasema mwanzoni tumbo linagomba, halafu linanyamaza kama wewe ukinuna. Mjinga! Nilicheka. Kisha nikaenda kulia peke yangu.

Jumapili, 10 Machi

Sasa vita ni vya glasi. Mgomo wa kula haumaliziki hivihivi, lazima mtu mkubwa amnyweshe juisi ya machungwa mbele ya kamera. Na kila mkubwa anaitaka hiyo picha! Mbunge kaja na machungwa yake. Phadnis, mshairi, rafiki wa Baba Medha tangu ujanani, hataki kusikia.

"Mheshimiwa, kijiji chenyewe hukijui!"

"Na wewe, mashairi yako yamejaza kisima gani?"

Wanabishana, mgonjwa katikati yao! Nimewafukuza wote wawili. Yeye alikuwa anatabasamu, midomo imepasuka.

Daktari kanivuta pembeni. Figo, akasema. Zinaanza kushindwa.

Naogopa. Akifa, wao watapata sanamu yake sokoni. Mimi nitapata nini?

Jumanne, 12 Machi

Waziri amekuja! Kapanda jukwaani, katangaza mitambo imeondolewa mtoni. Vigelegele, ngoma, maua. Phadnis analia kama mtoto. Waziri akamnyooshea glasi — Baba Medha akageuza uso. Akasema, kwa shida, watu wakanyamaza wamsikie:

"Mama Medha ndiye atakayeninywesha. Dada yake anakaa palepale mtoni. Mama Medha akinipa, nitajua mitambo imeondoka."

Makofi! Waziri kanikabidhi glasi, kacheka kwa ajili ya kamera.

Nimeomba nikanawe uso kwanza. Niko nyuma ya hema, glasi nimeiweka juu ya ndoo. Nimempigia Dada Sharada. Hata salamu hakunipa. Mitambo imesogezwa nyuma ya kona tu, anasema, huwezi kuiona ukiwa darajani. Inanguruma tangu asubuhi. Nimeisikia mwenyewe kwenye simu.

Daktari amechungulia. Mama, harakisha, kesho sitakuahidi kitu.

Wananiita. Na yeye pia — sauti nyembamba, naisikia kupitia turubai:

"Mama Medha, mitambo imeondoka kweli?"

Nimeitikia, nakuja.

Hakuniuliza kama nakuja.