Ngao ya kaka

Usinipigie, sauti sina. Soma tu.

Nimewasha mchezo wa video wa marehemu kaka, mara ya kwanza tangu tumzike. Nilitaka nimuulie lile jitu la darajani lililomshinda.

Nimekufa mara tisa! Mpiganaji wake anajikokota kama kobe. Nikafungua begi nione amebebeshwa nini. Amevalishwa chuma kuanzia utosini hadi unyayoni, na ngao kubwa kuliko zote. NGAO! Kaka yule aliyekuwa akisema ngao ni ya waoga, akipigana kifua wazi!

Nikasema basi, nipunguze ugumu. Nikaingia kwenye mipangilio. Ulishapunguzwa. Uko chini kabisa. Chini kabisa, unanielewa? Yeye aliyenicheka mwaka mzima kwa kucheza hapo hapo!

Kumbe ugonjwa ulishafika vidoleni, na hakumwambia mtu. Hata mama.

Na mimi, wiki zake za mwisho, nilikaa naye kwenye kochi hili hili nikamwambia, "Leo unacheza kama babu." Akacheka. Wallahi alicheka.

Sasa jitu limesimama darajani linaningoja. Nikimwondolea ile ngao atakuwa mwepesi, tutashinda. Kidole kiko juu ya kitufe tangu saa nane.

Siwezi kumnyang'anya.