Megahezi Mia Tatu

Jumatano, 11 Juni
Baada ya Alfajiri niliipanga meza ya sebuleni: vitabu vyangu, kompyuta yangu ndogo ya kuandalia darasa, nyaya zilizosokotana. Saa nne akaja fundi Miwani kusafisha feni ya kompyuta ya mjukuu wangu. Kazi ya nusu saa. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 12 Juni
Mjukuu analia. Anasomea usanifu wa majengo; mchoro wake wa mtihani sharti mashine iugeuze uwe kama picha ya jengo halisi, nao wawasilishwe Jumatatu asubuhi. Kasi ya kadi ya michoro ya kompyuta yake imeganda kwenye megahezi mia tatu. Juzi ilipanda hadi elfu moja na mia tano! Amefuta programu zake, akaziweka upya. Mia tatu. Megahezi ni mdudu gani sijui, ila nimeyaona macho yake yalivyovimba.

Ijumaa, 13 Juni
Fundi ameitwa. Mjukuu hakumpa hata kiti.
"Umechomoa nini humu ndani?"
"Dada, nimepuliza vumbi tu, wallahi."
"Kumbe vumbi ndilo lililokuwa linakimbia!" Akanigeukia: "Babu, si ulikuwepo?"
Nikasema: ilikuwa nzima, na hakuna mwingine aliyeigusa. Nilisema kwa sauti ile ninayofundishia. Fundi alivua miwani, akaipangusa. "Hata wewe, mzee?" Atarudi Jumapili alasiri, aifungue mbele yetu, skrubu kwa skrubu.

Jumamosi, 14 Juni
Bado mia tatu. Picha haijafika nusu. Wateja wawili wamekwenda kuchukua mashine zao kwa fundi. Mmoja alinishika mkono msikitini: "Ustadhi ukishasema, nani abishe?" Nikaitikia.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya Adhuhuri nilitaka kuandaa darasa. Chaja yangu ilikuwa nzito mkononi. Nikavaa miwani ya kusomea: wati mia na thelathini. Yangu ni ya wati sitini na tano! Rangi moja, tundu moja. Siku ile aliyoinunua kompyuta yake, mjukuu alinionya: Babu, usiichomeke hii kwenye chaja yako, itajikongoja. Nami Jumatano, nikipanga meza, nimezibadilisha chaja zetu kwa mkono wangu huu.

"Hakuna mwingine aliyeigusa." Astaghfirullah. Miaka arubaini nimefundisha mlango wa ushahidi katika fiqhi.

Chaja iko mapajani. Nikiirudisha kimyakimya, kasi itarudi, picha huenda ikawahi, na heshima yangu itabaki. Naye fundi atabaki mwizi aliyeogopa akarudisha.

Mlango umefunguliwa. Namsikia mjukuu: "Karibu, mla megahezi. Chai utakunywa ukimaliza." Fundi anacheka kidogo, si cheko la furaha. Anauliza: "Mzee yuko wapi? Nataka awepo."

"Babu! Unaitwa!"

Skrubu ya kwanza imelia mezani. Ya pili. Nainuka na chaja mkononi, naitafuta ile sauti ninayofundishia —