Kukosa Jua Matiliku

Jumatatu, 2 Juni 1986
Uji tena. Mkate haupiti kooni. Vidole vyeupe tangu alfajiri, nimevipasha kwa kikombe cha chai. Darasa la gumbaru, nikifundisha watu wazima kusoma, kisha kazi ya mwethya, kikundi chetu cha wanawake. Wenzangu wanachimba matuta, mimi kwenye kigoda kivulini: sweta, glovu, leso hadi shingoni, nalinda watoto wao. Mama Mutua, mwenyekiti, ndiye aliyenipa kivuli hicho ngozi yangu ilipoanza kukakamaa. Roho yake nzuri. Lakini nimechoka kuonewa huruma!

Jumatano, 11 Juni
Nimeshindwa kuinuka kigodani. Wawili wamenishika kwapani kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Mapaja hayana nguvu, nyonga na mbavu zinauma ndani kwa ndani. Mama Mutua amesema zamu ya shamba langu, Oktoba, watachimba bila mimi. Katika kikundi chetu mwenye shamba ndiye hupiga jembe la kwanza. Asipoweza, si mfanyakazi tena, ni wa kusaidiwa. Nimelia. Hasira kuliko huzuni.

Alhamisi, 26 Juni
Tumerudi kutoka Nairobi, mimi na mume wangu. Daktari amesoma majibu ya damu na picha za mifupa. Ngozi ni ugonjwa ule ule, sklerodema, na hauponi. Lakini udhaifu huu ni kitu kingine: nimepungukiwa vitamini D, ile mwili hutengeneza kwa jua. Mimi, mtu wa Matiliku, nchi ya jua kali! Nilicheka mpaka nikakohoa. Daktari hakucheka. Tumbo la wagonjwa kama mimi huenda lisinyonye chakula vizuri, ngozi imekuwa nene, na juu ya hayo nimejifunika na kujificha kivulini. Vidonge, na kuota jua mikono wazi. Miezi, si wiki. Dawa ipo! Dawa ipo!

Jumatano, 2 Julai
Nimehamishia kigoda juani, bila sweta. Mama Mutua akanirudisha kivulini, mimi na kigoda changu.
“Mwalimu, hii jua itakumaliza. Sisi hatutaki kuzika mtu.”
Nimeeleza hadi nikachoka. Wamenitazama kama aliyerukwa na akili. Wawili wakaenda kumgombeza mume wangu eti ananiacha niungue. Naye yuko kazini Kiboko hadi Jumamosi. Wamegombeza mlango.

Ijumaa, 15 Agosti
Mawingu, mawingu. Likitoka jua naliota nyuma ya nyumba kama mwizi. Vidonge sijakosa. Nyonga bado. Au zimepungua kidogo? Sijiamini. Naiogopa Oktoba.

Jumapili, 14 Septemba
Nimesimama! Kanisani, wimbo wa pili, bila kushika benchi la mbele. Nikakaa makusudi nikasimama tena. Mchungaji alidhani nimeguswa na Roho. Sikumkatalia.

Jumanne, 7 Oktoba
Kesho ni kwangu. Miguu iko tayari, vidole havikunjiki vizuri kwenye mpini. Hilo vidonge havitatengeneza. Mume wangu ameomba ruhusa kazini, ameuzungushia mpini vipande vya gunia ili unenepe. Chakula hakinipiti, na safari hii si koo. Furaha na hofu, siwezi kuzitenganisha.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepiga! Mama Mutua alikuwa tayari na jembe lake, aniokoe. Nikainuka kigodani peke yangu, nikaenda hadi kwenye alama ya tuta. Udongo mgumu, jembe likaingia kidogo tu. Likaingia! La pili, la tatu. Halafu Mama Mutua akaanzisha wimbo, akatia jina langu ndani, majembe yote yakashuka pamoja. Nimelia mbele yao wote na sikuona haya. Kivulini sikurudi.

Jumatano, 22 Oktoba
Kazi kwa Mama Mutua. Darasa lilinichelewesha. Anayechelewa huteka maji ya wote. Nikasimama, nikingoja mtu aseme mwalimu aachwe. Hakuna aliyesema. Mama Mutua alinisukumia ndoo kwa mguu, akaendelea kuchimba. Nikaenda. Maji baridi, vidole vikageuka vyeupe, nikavipasha kwapani. Nimerudi na nusu ndoo. Wakanywa.