Bibi, Wanasema Udongo ni Uchafu

Mpendwa Bibi,

Tangu uondoke nimegombana na makarani, masheikh na wahariri wanaozikatakata barua zangu. Leo nakuandikia wewe gazetini, mbele ya macho ya watu, kwa sababu ugomvi huu unahusu vidole, na vyangu ulivifundisha wewe.

Kule Kisarawe, siku ulizofinyanga, ulitugawia wajukuu donge moja moja la udongo tucheze arusi. Mimi nilikuwa mpishi. Dada Mwajuma, mama wa bwana arusi, kazi yake ilikuwa kunisuta.

"Mpishi gani wewe? Maandazi yako yana alama za kucha."

"Basi usile, na mwanao asioe."

Siku moja niliyachomeka maandazi yangu mabichi katikati ya vyungu vyako vilivyokuwa vinachomwa. Yakapasuka kwa kishindo, yakavunja vyungu viwili. Nikangoja fimbo. Ukauliza tu, "Nani amefanya karamu ndani ya vyungu vyangu?" Kisha ukanitia udongo mkononi. "Umeyafanya manene kama kisigino. Finya taratibu, mpaka kidole gumba na cha shahada visikiane."

Nilifinya msimu mzima. Nilipopelekwa shule, kalamu ilinikuta nina mkono wa kuishika. Nikasifiwa mwandiko, nikadhani ni akili zangu.

Majivuno hayo yalinipofusha, Bibi. Nimefundisha miaka mingi hapa Kibaha, na nimewahi kuwatupia watoto udongo wao nje ya dirisha, nikisema shule si mahali pa matope.

Mwaka huu akaja Zuhura. Kila chaki aliyoishika ilivunjika, na herufi zake zilikuwa mikwaruzo. Baba yake, Mzee Mwinshehe, akaniambia, "Mwalimu, huyu hana mkono wa shule. Ijumaa ijayo namchukua, akamsaidie shangazi yake shamba, Magindu."

Nilikuwa na siku tisa. Nikaenda mto Ruvu mwenyewe, nikarudi na kikapu cha udongo, nikakaa chini na Zuhura tukafinya. Wenzangu wakacheka: mwalimu mzima anacheza kupikapika. Wacheke. Tunamtia mtoto chaki mkononi kabla mkono haujajua kubana wala kulegea, kisha tunamwita mjinga. Mjinga ni nani hapo? Anayejifanya mpishi anakanda, anaviringisha, anachuna kipande kidogo kama punje, wala hajui kwamba anajifunza. Sisi ndio tulipaswa kujua.

Ijumaa Mzee Mwinshehe alifika, akamkuta binti yake chini, kazungukwa na sahani za majani.

"Shikamoo, baba. Kaa. Unawe kwanza."

Alinitazama. Akachuchumaa, akanawa maji yasiyokuwapo. Zuhura akampa mkate, bapa na mwembamba.

"Mkate wako umeliwa na mchwa," akasema.

"Si mchwa, baba. Ni ufuta."

Akausogeza karibu na macho. Vitundu vilipangwa safu kwa safu, hakuna kilichogusa kingine.

"Umeutia wewe huu ufuta?"

"Kwa ncha ya chelewa ya ufagio. Moja moja."

Aliugeuza mkate kiganjani. Kisha akasimama na kuuweka mfukoni mwa kanzu yake, polepole, usivunjike.

"Shangazi yake atangoja," akaniambia, akaondoka peke yake.

Lala salama, Bibi. Jumatatu tunafinya tena.

Mjukuu wako mbishi