Asili ya Wasiwasi

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu za dhati. Je, kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, maana huku ofisi ya kamusi tunakaa mpaka viti navyo vinatuchoka.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba seremala amekuposa nawe umemkatalia, eti hata yeye siku moja atakuchoka aondoke, ingawa bado anangoja ubadili nia. Niliisoma mezani kwangu, na mbele yangu palikuwa na kadi ya neno nililopangiwa wiki hii: wasiwasi. Usicheke.

Kila neno linataka maana, asili na mfano. Maana niliandika: hali ya moyo kukosa utulivu kwa kuhofia baya. Asili: Kiarabu, kunong'ona kunakomtia mtu shaka. Kwenye mfano nikaandika, "Ana wasiwasi, tangu utotoni hulala karibu na mlango asije akaachwa." Mhariri wetu, mzee asiyesifu hata chai, akasema huo ndio mfano. Nikachekelea, kumbe nimekuanika wewe, ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilipoirudia ile kadi, nikakwama kwenye hilo la kunong'ona.

Siku baba alipomfukuza mama, ulikuwa na miaka mitano, umelala. Mama aliniambia, mimi wa miaka tisa, nikueleze ukiamka kwamba anakupenda, na akipata chumba atakuja kutuchukua. Akakufunika sweta lake. Alikufunika wewe, mimi akaniacha na maagizo. Wivu ukanipanda. Ulipoamka nikakunong'oneza: "Mama ameondoka kwa sababu unalia sana."

Hukulia tena. Mama akafa kabla hajapata chumba, na hata mazikoni watu walisema una moyo mgumu. Niliwasikia nikanyamaza, na nimenyamaza miaka thelathini.

Asili ya wasiwasi wako ni mimi, mdogo wangu.

Mfano ule nimeufuta. Mhariri alipouliza kulikoni, nilimjibu kwamba maneno yale hayakuwa yangu kuyatoa. Sikuombi unisamehe leo. Ukinikasirikia ni haki yako. Ila kabla hujamfungia seremala mlango, jua kwamba mama hakukuchoka. Alirudi kutoka mlangoni mara mbili kukutazama. Nilimwona.

Wape majirani zako salamu zangu. Nawe kilio kikija, usikizuie.

Ni mimi, dada yako.