Kichuguu Kilichogeuka Shimo

Alhamisi, Same mjini. Asubuhi jua kali. Tangu saa nane mchana wingu jeusi limekalia milima na halitaki kuondoka.

Nina hofu, na nitaisema wazi: nimempotosha mama yangu.

Jumatatu Baba Elia, jirani yetu kule kijijini Mhezi, milimani, alinitumia picha ya ardhi ya mteremkoni, juu kidogo ya nyumba ya mama. Aliandika neno moja, "Angalia," kisha akateremka na mkewe hadi tambarare ya Bendera kulima, na simu yake haipatikani. Mama magoti hayamruhusu kupanda kule. Kwa kuuhofia mteremko alikuwa ameanza kufunga vitu ahamie kwa mama mdogo, akasubiri nimwambie nilichoona.

Niliona kichuguu. Kimevimba, juu kina mwanga, chini kivuli. Nikampigia, nikamwambia ni mchwa tu, atulie. Nikamtania kwamba anatafuta sababu ya kwenda kula makande ya mdogo wake.

Leo nimeichapisha picha hiyo hapa studio kwangu, ikaangukia mezani kichwa chini.

Kichuguu kikawa shimo.

Nikaigeuza: kichuguu. Nikaigeuza tena: shimo, refu, limekata mteremko. Jicho limezoea mwanga utokao juu. Likiona weupe juu na giza chini, linaamua lenyewe kwamba kitu kimevimba, wala haliulizi jua lilikuwa wapi. Baba Elia alisimama jua likiwa mgongoni mwake, hivyo mwanga uliingia kutoka chini ya picha. Kivuli cha kofia yake kipo pale pale, na sikukijali. Tena ni mimi niliyemfundisha kupiga hivyo, kama ninavyowafundisha wateja wangu wote.

Krismasi nilipita pale. Hapakuwa na shimo. Ardhi inakatika.

Saa kumi nimempigia mama. Hata shikamoo sikuimaliza vizuri, nikamweleza yote. Kule mvua imeshaanza. Akaniuliza bila hasira, "Sasa mwanangu, niamini jicho la juzi au la leo?"

La leo, nikamwambia. Toka sasa hivi.

Akasema njia inateleza, magoti yanauma, na jirani wa kumshika mkono hayupo. "Nitatoka kesho."

Bodaboda wawili wamekataa kunipandisha kwa mama na mvua hii. Wa tatu amekubali, anajaza mafuta, nami naandika haya nikimsubiri mlangoni.

Sijawahi kuliogopa neno kesho namna hii.