Mwache Mama Apumzike

Mama, shikamoo. Huku Dodoma upepo na vumbi tu, ila mimi na mjukuu wako hatujambo.

Jana wifi alinipeleka chuoni kuangalia filamu ya zamani iliyoongozwa na mwanamke mweusi wa Marekani. Ilikuwa imechakaa, mafundi wakaisafisha, sasa inang'aa. Kutafsiri Kiingereza chake papo hapo, chuo kikampa jamaa wa kibanda cha video, na yeye kazoea filamu za ngumi! Mama wa kwenye filamu kalaza watoto, kaketi kimya, anavua viatu. Jamaa akapayuka kwenye kipaza sauti, "Hapo anapanga kisasi! Leo watamtambua!"

Nikasimama, mtoto mgongoni. "Kaka, hajasema kitu. Amechoka tu. Nyamaza tumwone."

Wanawake wakapiga vigelegele: "Mwache mama apumzike!" Jamaa mwenyewe akacheka, akazima kipaza sauti.

Ukumbi ukatulia. Tukamtazama mwenzetu akijikanda miguu taratibu, na filamu yote ikimngoja. Mama, nilifurahi hadi machozi. Sikujua uchovu wetu nao unaweza kutazamwa hivyo.

Nawe jioni hii keti, unyooshe miguu. Vyombo vingoje, nimesema.

Mwanao akupendaye,
Rehema